Ganda la Yai Limegoma Kuyeyuka? Anza na Asidi, Si na Ganda

Wanaouliza kuhusu maganda ya mayai yaliyolowekwa kwenye siki, huku Nyanda za Juu Kusini, ni watu wa aina mbili. Wapo wanafunzi na walimu wao, wanaotaka yai bichi livuke ganda lote na kubaki limeshikiliwa na utando tu. Na wapo wakulima wa nyanya, hasa wa Ilula na vijiji vya jirani huko Kilolo, wanaoloweka maganda ili wapate maji yenye kalsiamu ya kupulizia shambani. Siki ni ileile, ganda ni lilelile, ila mahitaji yanapingana. Mwanafunzi anataka asidi izidi ganda, isibaki hata chenga. Mkulima anataka ganda lizidi asidi, ili asidi iishe isije ikaunguza majani. Mmoja akifuata vipimo vya mwenzake, kazi imeharibika kabla povu la kwanza halijapanda.

Kinachotokea chupani si kirefu. Ganda la yai la kuku, kwa uzito, ni kalsiamu kaboneti kwa asilimia 95 hivi. Ni madini hayohayo yaliyomo kwenye mawe ya chokaa ya Songwe yanayotengenezewa saruji. Asidi ya siki, yaani asidi ya asetiki, ikikutana nayo hutoa vitu vitatu:

CaCO3 + 2CH3COOH → Ca(CH3COO)2 + H2O + CO2

Kalsiamu asetati huyeyukia majini, maji yanaungana na maji mengine, na hewa ya ukaa hutoka kama mapovu. Mambo yakienda kombo, ama asidi haikufika kwenye ganda, ama haikutosha, ama chumvi iliyotokea imekataa kuyeyuka. Dalili ndizo zinazokuambia ni lipi kati ya hayo.

Hakuna povu hata moja

Jaribu siki kwanza. Dondosha kijiko kimoja juu ya magadi kidogo. Ikitoa povu kwa fujo, siki ni nzima na tatizo liko kwenye ganda. Ikinyamaza, hiyo si siki bali ni maji yenye harufu. Siki ya dukani huandikwa asilimia 4 au 5 ya asidi ya asetiki, lakini ile inayopimwa kutoka dumu kubwa haina wa kuithibitishia.

Kama siki ni nzima, tafuta mafuta. Maganda mengi yanayokusanywa mjini hutoka kwenye mabanda ya chipsi mayai, soko la Mwanjelwa mjini Mbeya au stendi, nayo huja yamelowa ute na mafuta ya kukaangia. Mafuta hukaa kati ya asidi na ganda. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza mara mbili, ndipo uyaloweke. Yai lililopakwa mafuta makusudi ili likae muda mrefu bila kuharibika huleta usumbufu huohuo.

Kuna sababu nyingine inayowashangaza wengi maabara: asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji kabisa, ile ya kwenye chupa ya kahawia, hufanya kazi na ganda kwa uvivu kuliko siki ya mezani. Asidi hiyo huhitaji maji ili iachie ayoni zake za haidrojeni, na chumvi inayotokea huhitaji maji ya kuyeyukia. Ipunguze makali, na kumbuka utaratibu: asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Vaa miwani na glovu, kwa sababu asidi hiyo huunguza ngozi vibaya.

Halafu yapo maganda yaliyochomwa. Baadhi ya wakulima huyakaanga kwanza, na kukaanga hadi yawe rangi ya udongo hakuna neno. Kunaunguza utando na kurahisisha kusaga. Ila ukiyaweka ndani ya makaa yanayopulizwa, joto likavuka nyuzi 800, kaboneti huachia hewa yake hukohuko motoni na kubaki chokaa mbichi, kama inavyotokea kwenye tanuri za chokaa. Chokaa hiyo huyeyuka kwenye siki bila povu, tena kwa kupasha moto chupa. Kwa hiyo ukikosa povu hapo, haina maana kwamba umeshindwa. Usiishike kwa mikono mitupu tu.

Povu lilianza vizuri, likakoma, na ganda bado lipo

Hili ndilo swali la kila siku, na jibu lake ni hesabu.

Yai la gramu 60 lina ganda la gramu 5 hadi 6. Chukua gramu 5.5. Kuimaliza kaboneti iliyomo, unahitaji gramu 6.3 hivi za asidi ya asetiki. Siki ya asilimia 5 ina gramu 50 za asidi kwa lita, kwa hiyo yai moja linakula mililita 125 za siki. Siki ya asilimia 4 itafika karibu mililita 160. Hicho ni kiwango cha chini kabisa kwenye karatasi. Katika hali halisi, asidi ikikaribia kuisha, kazi hupungua mwendo hadi unadhani imelala, kwa sababu kalsiamu asetati iliyokwisha kutokea huifanya asidi iliyobaki izidi kuwa mpole. Mwanafunzi aliyefunika yai kwa siki hadi juu tu, katika bilauri nyembamba, mara nyingi ametia mililita 100 au pungufu. Hata akisubiri wiki nzima, ganda halitaisha.

Tiba ni kumwaga siki yote na kutia mpya, si kuongezea kidogo juu ya ile ya zamani. Ukibadilisha mara moja, baada ya saa 12 hadi 24, kwa mililita 200 kila awamu, yai la kawaida litavuka ganda ndani ya siku mbili. Mayai ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo hutumia siki pungufu kidogo, ingawa ganda lake wakati mwingine huwa gumu kuliko la mayai ya trei.

Sasa mkulima. Yeye haleti yai moja, analeta maganda ya trei nzima kwenye ndoo, kisha anayamwagia nusu lita ya siki. Maganda ya mayai 30 ni gramu 165 hivi, na kuyamaliza kunahitaji karibu lita 4 za siki ya asilimia 5. Nusu lita ya siki itamaliza maganda manne. Hayo mengine 26 yatabaki chini yakikutazama, na mkulima atasema maganda ya siku hizi yana kemikali. Hayana. Kwa kipimo cha haraka, lita 1 ya siki ya asilimia 5 humaliza maganda ya mayai 8 hivi. Kwa kuwa mkulima anataka ganda lizidi, atie maganda 10 hadi 12 kwa lita, na chenga zikibaki chini ajue amefanya sawa. Azichuje, azitumie awamu inayofuata.

Kusaga kunasaidia mwendo, hakubadilishi kiasi. Unga uliotwangwa kwenye kinu utafanya kazi kwa saa chache pale ambapo vipande vikubwa vingechukua siku kadhaa, lakini mahitaji ya siki yatabaki yaleyale.

Mtu wa Iringa hawezi kuongea haya bila kuulizwa kuhusu ulanzi, pombe ya mianzi. Ulanzi ukilazwa sana unachachuka, na sehemu ya uchachu huo ni asidi ya asetiki, kwa hiyo ganda litatoa povu, hilo ni kweli. Lakini asidi yake ni kidogo na hutofautiana kutoka mbeta (chombo cha mwanzi cha kugemea) hadi mbeta, na hesabu ya hapo juu haiwezekani bila kujua asilimia. Unywe au uache, ila kwa kazi hii nunua siki. Soda ya kola nayo ni hivyohivyo: ni chachu sana mdomoni, lakini asidi ya fosforiki iliyomo ni kidogo mno. Hulitia yai rangi ya kahawia na kulikwaruza juujuu tu.

Ganda limekuwa jeupe kama limepigwa plasta, na kazi imesimama

Uliza asidi iliyotumika. Karibu kila mara utajibiwa ni limau, ndimu au asidi ya betri.

Kila asidi huacha chumvi yake. Ya siki, kalsiamu asetati, inayeyuka kwa zaidi ya gramu 300 katika lita moja ya maji, hivyo inaondoka njiani na kuliacha ganda wazi kwa shambulio linalofuata. Ya limau, kalsiamu sitrati, haifiki hata gramu 1 kwa lita. Inatokea palepale juu ya ganda na kuganda, na asidi iliyo nje inashindwa kupita. Juisi ya limau ina asidi nyingi kama siki, pengine na zaidi, na dakika za mwanzo itatoa povu kubwa kuliko siki. Baada ya hapo unapata uji mweupe chini na yai lenye koti. Kuipasha moto hakusaidii, maana kalsiamu sitrati huyeyuka vibaya zaidi maji yakiwa ya moto. Ukilazimika kutumia limau, tumia juisi nyingi, sugua yai taratibu kwa kidole kila baada ya saa chache chini ya maji ya bomba, na ubadilishe juisi. Ni gharama kuliko siki na matokeo yake ni mabaya kuliko siki. Sijui kwa nini bado linapendekezwa.

Asidi ya betri ni asidi ya salfuriki, na chumvi yake ni kalsiamu salfati, yaani jasi, ambayo huyeyuka gramu 2 hivi tu kwa lita. Povu linaruka kwa sekunde kadhaa, kisha kimya. Watu huona kimya hicho wakadhani asidi imekwisha nguvu, wakatia mkono. Asidi ipo yote, imezuiwa na jasi tu, na ile iliyotoka kwenye betri kuukuu ina madini ya risasi pia. Usiilete karibu na yai, mtoto wala nyanya.

Kwa mwenye maabara, chaguo zuri ni asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa. Kalsiamu kloridi inayeyuka kwa urahisi mno, na mililita 100 hadi 110 za asidi ya molari 1 zinatosha ganda la yai moja. Mwalimu anayeeleza kwa nini asidi ya salfuriki haitumiki kutengenezea hewa ya ukaa kutoka kwenye mawe ya chokaa, awaonyeshe wanafunzi kwa asidi iliyopunguzwa vizuri: bika mbili, vipande viwili vya ganda, asidi mbili. Somo limeisha.

Upande mmoja umeisha, upande mwingine bado

Yai linaelea. Mapovu yanajishika kwenye ganda na kulinyanyua, na yai linabaki na mgongo nje ya siki. Lizungushe kila baada ya saa kadhaa, au likandamize kwa kisahani. Likizama, sehemu inayogusa kitako cha chupa nayo huchelewa, kwa sababu siki haizunguki pale.

Ukiona takataka za kahawia zinaelea, acha wasiwasi. Ni rangi ya yai la kahawia, ambayo imekaa kwenye tabaka za nje na huchomoka mapema.

Kila kitu ni sahihi, ila inachelewa

Uko Njombe au Makete na ni mwezi wa Juni au Julai, si ndiyo? Maelekezo mengi yanayosema saa 24 yameandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 25. Chumba cha Makete usiku wa kipupwe kikishuka hadi nyuzi 8 au 10, asidi inatembea polepole na hewa ya ukaa nyingi zaidi inabaki imeyeyukia kwenye siki. Ongeza siku moja au mbili, au weka bilauri ndani ya bakuli la maji vuguvugu. Usivuke nyuzi 40. Usiweke juu ya jiko kabisa, maana ute huanza kuganda joto likipita kidogo nyuzi 60, na utabaki na yai la kuchemsha lenye harufu ya siki.

Chupa imepasuka, au povu limefurika

Ganda la yai moja hutoa hewa ya ukaa takribani lita 1.3 ukiwa usawa wa bahari. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu, kanieneo ya hewa ni ndogo, na hewa hiyohiyo hutanuka kukaribia lita 1.5. Maganda ya trei moja hutoa zaidi ya lita 40. Hakuna kifuniko cha kuzungusha cha kuyashika hayo. Funika kwa kitambaa au legeza kifuniko, na ndoo ya mkulima isifungwe hata ikiwa usiku kuna panya.

Kufurika ni jambo jingine. Unga wa ganda una protini kidogo, na protini hiyo huyashika mapovu yasipasuke. Tia unga kijiko kimoja kimoja, ndani ya chombo kisichojaa zaidi ya theluthi moja. Chombo kiwe cha plastiki au kioo. Sufuria ya alumini italiwa na siki.

Yai limevimba, limepasuka, au ute umekuwa mweupe

Kuvimba ni kawaida. Ganda likiisha, utando hupitisha maji, na siki ina maji mengi zaidi kuliko ndani ya yai, kwa hiyo maji yanaingia. Ukilihamishia kwenye maji matupu litavimba zaidi; ukilitia kwenye sharubati nzito ya sukari litanywea. Likiachwa siku nyingi, utando huchoka na kupasuka ukiligusa, na siki iliyopenya ndani huugandisha ute ukawa mweupe. Litoe mara ganda linapoisha.

Nyuzi nyeupe zikionekana mapema zikining'inia nje, yai lilikuwa na ufa tangu dukani. Anza upya na jingine. Harufu ya yai viza haina uhusiano na siki.

Maji ya chokaa yamekataa kugeuka maziwa

Hili ni la darasani, pale hewa ya ukaa inapopitishwa kwa neli (bomba jembamba) hadi kwenye maji ya chokaa ili kuyageuza meupe. Ganda zima kwenye siki hutoa hewa polepole, na nyingi hupotelea kwenye nafasi ya chupa kabla haijafika kwenye neli. Tumia unga wa ganda na asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa. Kama bado hakuna kitu, angalia maji ya chokaa yenyewe: chupa iliyokaa wazi rafuni imekwishanyonya hewa ya ukaa ya darasani, na utaona ukoko mweupe juu au chini yake. Tengeneza mapya, chuja, tumia siku hiyohiyo. Mara nyingine matone ya asidi hurushwa na povu hadi ndani ya neli na kuua chokaa. Acha nafasi kubwa juu ya asidi.

Yakigeuka maziwa kisha yakawa maangavu tena, hujakosea. Hewa imezidi, na kaboneti imegeuka kuwa bikaboneti inayoyeyuka.

Kwa mkulima: maji yamepatikana, lakini shambani kuna shida

"Vipande" laini vinavyoelea baada ya wiki si maganda. Ni utando, ambao ni protini, na siki haiuyeyushi. Bonyeza kimoja: kikikunjika bila kukwaruza, chuja utupe.

Majani yakiungua kingo siku mbili baada ya kupulizia, asidi haikuisha, au maji hayakupunguzwa. Chota kijiko cha maji yako, tia unga mkavu wa ganda, subiri dakika kadhaa. Povu likitoka, rudisha maganda zaidi ndoo ipumzike. Likinyamaza, changanya sehemu 1 kwa maji sehemu 100 na ujaribu mimea michache kwanza, jioni.

Nyanya zikiendelea kuoza kitako, hapo mama zangu na baba zangu wa Ilula sitawadanganya. Kuoza kitako kunatokana na tunda kukosa kalsiamu, ni kweli, lakini mara nyingi kalsiamu ipo udongoni na kinachokosekana ni maji ya kuipandisha. Kalsiamu hupanda na maji kutoka kwenye mizizi, na ile inayotua kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Shamba linalokauka siku tano kisha likafurikishwa siku ya sita litaoza kitako hata ukipulizia maganda ya wilaya nzima. Rekebisha ratiba ya umwagiliaji, weka matandazo, punguza mbolea za amonia. Ukipulizia, elekeza kwenye matunda machanga.

Kufukia maganda mazima shambani ili kupunguza uchachu wa udongo hakuna madhara, ila hakuna haraka pia. Vipande vikubwa utavikuta msimu ujao na unaofuata. Tani moja ya chokaa kwa hekta moja ni sawa na maganda ya mayai takribani 180,000. Kwa kazi hiyo nunua chokaa ya kilimo.

Mwisho ni bomba kuziba. Hii hutokea kwa anayechanganya maji ya maganda na busta (mbolea ya kupulizia majani) au mbolea yenye fosfati au salfati ndani ya tangi moja ili apulizie mara moja. Kalsiamu hukamata fosfati na salfati na kutengeneza mashapo, na maji huwa ya maziwa ndani ya dakika chache. Mbolea imepotea na kalsiamu imepotea. Pulizia kila kimoja siku yake, tangi likiwa limesuuzwa. Nozeli iliyoziba kwa fosfati huweza kulegea ukiiloweka kwenye siki usiku kucha. Iliyoziba kwa jasi haitasikia siki, kwa hiyo ifungue, isugue kwa mswaki wa zamani na maji mengi, uirudishe.